Sindano ya Kupunguza Uzito Itashuka Bei: Nani Atamsimamia Mgonjwa wa Kibera na Kawangware?

Nairobi huzungumzia sindano za kupunguza uzito kama jambo la Lavington na Kilimani, la watu wenye daktari wao na friji yao. Uchambuzi huu unalitazama kutoka upande mwingine wa ukuta: Kawangware inayopakana na Lavington, na Kibera inayopakana na uwanja wa gofu wa Royal Nairobi. Huko uzito uliopita kiasi unaandamana na presha na kisukari ambavyo wengi hawajapimwa, na huko dawa hizi zitafika mara bei itakaposhuka. Swali ni kama daktari anaweza kumsimamia mgonjwa wa mitaa hiyo kwa simu, kwa usalama, kwa miezi na hata miaka. Naamini anaweza, kwa sharti moja: usimamizi ujengwe kabla dawa haijafika, tena ujengwe juu ya watu wa afya ambao tayari wanabisha hodi katika nyumba hizo.

Uzito na njaa katika nyumba moja

Wengi bado wanauona unene kuwa ugonjwa wa walioshiba. Takwimu za Kenya zimeikataa dhana hiyo muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, uliwakuta wanawake wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia wakiwa asilimia 25 mwaka 2008-09, na asilimia 33 mwaka 2014. Ule wa 2022, uliowahesabu wenye miaka 20 hadi 49, ulipata asilimia 45 ya wanawake na asilimia 19 ya wanaume.

Mitaa ya mabanda haikusalimika. Watafiti wa kituo cha APHRC waliwapima watu wazima zaidi ya 5,000 wa Korogocho na Viwandani mwaka 2008 na 2009, wakakuta asilimia 43 ya wanawake wana uzito uliozidi, na asilimia 17 ya wanaume. Kibera kwenyewe, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 5.3 ya watu wazima wana kisukari. Mwingine wa mwaka uliofuata ulikuta presha kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, na wengi wao hawakuwa wakijua.

Tarakimu nzito kuliko zote zilichapishwa mwaka 2015, tena kutoka Korogocho na Viwandani. Asilimia 46 ya watoto waliopimwa walikuwa wamedumaa, huku asilimia 32 ya mama zao wakiwa na uzito uliozidi. Katika kaya ambazo mama alikuwa na uzito uliozidi, takriban watoto 4 kati ya 10 walikuwa wamedumaa. Mama na mtoto wanakula kutoka sufuria moja, naye mama ananenepa wakati mtoto harefuki, kwa sababu chakula hicho kina nguvu nyingi na virutubishi vichache. Anayetaka kumtibu mama huyo unene lazima aione sufuria nzima.

Sababu zinajulikana kwa kila anayeishi huko. Familia inayopata pesa kwa siku hununua chakula kwa siku: mafuta ya kadogo, sukari ya kadogo, unga wa kipimo. Mafuta, sukari na ngano ndivyo vinavyoshibisha zaidi kwa shilingi chache, na chapati, mandazi na chipsi hupatikana kila kona, tayari, bila kuwasha jiko nyumbani. Wosia wa kufanya mazoezi nao una mipaka. Kijana anayetoka Gatwekera, Kibera, alfajiri kwa miguu hadi Industrial Area hana upungufu wa mazoezi. Mama anayekaanga mandazi kando ya barabara amekaa hapo tangu kabla ya jua kuchomoza, na anapofunga kazi giza limeingia na njia si salama kwa matembezi.

Kisha kuna kumbukumbu ya UKIMWI. Katika mitaa iliyozika watu wengi miaka ya 1990, kukonda ghafla kulikuwa habari mbaya, na hadi leo mwanamke anayepungua kilo nyingi kwa miezi michache huulizwa maswali na majirani. Upande wa pili, Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza Afrika kuanza kutoa dolutegravir, dawa bora ya virusi vya UKIMWI, kuanzia 2017. Tafiti, ukiwemo ule wa Afrika Kusini uliochapishwa 2019, zimeonyesha kwamba wanaoitumia, hasa wanawake, huongezeka uzito zaidi kuliko wanaotumia dawa zilizotangulia. Kwa hiyo daktari wa uzito Kibera hawezi kuandika dawa bila kuuliza habari ya virusi, na swali hilo ni gumu kulijibu kwenye simu inayotumiwa na watu watatu ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi.

Dawa inafanya nini, na isichofanya ni nini

Semaglutide huiga homoni iitwayo GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya kula. Hupunguza hamu ya chakula, huchelewesha tumbo kumaliza kazi yake, na humfanya mtu ashibe mapema. Marekani iliiruhusu kwa kisukari mwishoni mwa 2017 kwa jina la Ozempic, na kwa uzito mwaka 2021 kwa jina la Wegovy. Katika jaribio lililoiwezesha kupata kibali hicho cha pili, watu wazima 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliochomwa dawa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito wao, na waliochomwa sindano tupu asilimia 2.4. Tirzepatide, iliyofuata, ilifika karibu asilimia 21 kwa kipimo cha juu. Mwaka 2023 utafiti wa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na uzito uliozidi ulionyesha kuwa semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi. Dawa hii inaokoa maisha, na anayeidharau kuwa anasa ya wanaotaka umbo hajazisoma tarakimu hizo.

Lakini washiriki wa jaribio lile la wiki 68 walipoiacha, mwaka mmoja baadaye theluthi mbili ya uzito uliopungua ilikuwa imerudi. Ni dawa ya muda mrefu, kama ya presha. Jambo hili lina uzito wake katika mitaa ambayo watu hulipia mambo makubwa kwa chama. Mwanamke anayepokea zamu yake ya chama na kununua sindano za miezi mitatu, kisha pesa zikaisha, atakuwa ametumia akiba ya mwaka kwa kilo zitakazorudi. Kumwambia ukweli huo kabla hajalipa ni wajibu wa kwanza wa daktari, na muuzaji wa mtandaoni hana sababu ya kumwambia.

Tena katika majaribio hayo ya kupunguza uzito, washiriki walipimwa mara kwa mara na kupewa ushauri wa chakula na mwendo. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake Desemba 2025, liliziruhusu dawa hizi kwa unene wa watu wazima kwa masharti, wajawazito wakiondolewa, na likataka ziambatane na msaada wa karibu wa kubadili mtindo wa maisha. Asilimia 15 ile ni matokeo ya sindano pamoja na watu walioisimamia.

Usimamizi maana yake nini Kibera

Semaglutide ya uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa hatua kwa hatua, kwa muda wa wiki 16 au zaidi, hadi 2.4. Sababu ya mwendo huo wa polepole ni kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo. Katika nyumba yenye choo ndani, hizo ni siku chache za usumbufu. Mahali ambapo choo ni cha kulipia, kiko umbali wa vichochoro kadhaa, hufungwa usiku, na maji hununuliwa kwa mtungi, kuhara siku tatu ni gharama, ni hatari ya kutoka nje gizani, na ni upungufu wa maji unaoweza kuumiza figo. Daktari anayeuliza umetapika mara ngapi lazima aulize pia choo kiko wapi na maji yamebaki kiasi gani.

Hatari nyingine zinataka maswali ya mtu anayejua kazi yake. Mgonjwa wa kisukari anayemeza glibenclamide au kuchoma insulini anaweza kushuka sukari ghafla akiongezewa dawa hii, hasa akiruka mlo kwa sababu siku haikulipa. Anayetaka kushika mimba anatakiwa kuacha semaglutide miezi miwili kabla. Tirzepatide inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo katika ukoo haruhusiwi kabisa. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kuwa kongosho lililovimba, na hapo mgonjwa anahitaji kufikishwa hospitali ya Mbagathi, kwani hakuna ujumbe wa simu utakaomsaidia.

Kuna pia joto. Kalamu ya sindano isiyofunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ile ya Ozempic ikishafunguliwa inaweza kukaa nje hadi siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Watafiti waliofunga vipima joto Kibera, Mathare na Mukuru katika kiangazi cha mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 walikuta mitaa hiyo ikiwa na joto kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, kilicho karibu tu na Kawangware. Chumba cha mabati saa nane mchana si mahali pa kuweka dawa hii. Na sindano iliyotumika haiwezi kutupwa kwenye jaa ambalo watoto huchezea.

Matatizo haya yote mawili, joto na taka, yana dawa moja, nayo inatokana na tabia ya sindano yenyewe: huchomwa mara moja kwa wiki. Kituo kidogo cha afya chenye friji moja inayofanya kazi kinaweza kuweka kalamu za wagonjwa kadhaa, kila mmoja na yake yenye jina lake. Mgonjwa huja siku yake, hupanda mizani, hupimwa presha, huchomwa, na sindano hubaki kwenye kisanduku salama. Wagonjwa wa kifua kikuu wa mitaa hii hii wamemeza dawa kwa kusimamiwa kwa miaka mingi, na ratiba yao ilikuwa ngumu zaidi. Tunaujua utaratibu huo tayari.

Simu inaweza nini

Sheria ya Kenya haina kikwazo. Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua huduma ya afya kwa njia ya kielektroniki, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iliweka siri ya mgonjwa chini ya ulinzi, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ikajenga mfumo wa kuendesha mambo hayo. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilikwisha kumaliza swali la malipo. Kwa simu daktari anaweza kuchukua historia, kusoma majibu ya maabara, kuamua kama kipimo kipandishwe, na kumuuliza mgonjwa hali yake kila wiki bila kumpotezea siku ya kibarua kwenye foleni. Kwa mfanyakazi wa nyumbani wa Kawangware anayeingia kazini Kileleshwa saa moja asubuhi, nafasi hiyo ndiyo tofauti kati ya kufuatiliwa na kutofuatiliwa.

Lakini simu haipimi uzito, haibonyezi tumbo, wala haipimi mimba. Uingereza imelipia somo hilo. Baada ya maduka ya dawa ya mtandaoni kuwapa watu sindano kwa kujaza fomu tu, msimamizi wa maduka hayo aliamuru Februari 2025 kwamba fomu pekee haitoshi: muuzaji athibitishe taarifa za mteja kwa video, kwa kumwona ana kwa ana, au kwa kumbukumbu za daktari wake. Nairobi inafaa kuichukua kanuni hiyo na kuongeza moja: pasiwe na sindano bila uzito na presha vilivyopimwa na mtu aliyefunzwa, siku za karibuni, mbele ya mgonjwa.

Somo la pili liko jirani. Rwanda ilikuwa na Babyl, huduma ya matibabu kwa simu iliyoanza 2016, iliyofanya kazi hata kwa simu za kawaida na kuunganishwa na bima ya afya ya jamii. Iliandikisha watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilifilisika, na huduma ikafungwa. Wagonjwa wa mafua wangeweza kwenda kwingine. Mgonjwa aliye katikati ya miezi ya kupandishiwa kipimo angeachwa njiani. Tiba ya muda mrefu haifai kuegemea mfuko wa mwekezaji mmoja; kumbukumbu na mgonjwa vinapaswa kuwa vya kituo cha afya cha umma, na kampuni ya simu iwe mkandarasi.

Bei, na kinachoingia mahali pa daktari

Leo dawa halisi haifikiki kwa mshahara wa kibarua. Bei rasmi ya Wegovy ilipoingia soko la Marekani ilikuwa karibu dola 1,350 kwa mwezi. Hata hivyo uchambuzi uliochapishwa Machi 2024 katika jarida la JAMA Network Open ulikadiria kuwa semaglutide ya mwezi inaweza kutengenezwa, na kuachia faida ya wastani, kwa kati ya dola 0.89 na 4.73. Hataza zake India na China kikomo chake ni mwaka 2026, na India ndiko Kenya inakonunua sehemu kubwa ya dawa zake. Nakala halali za bei nafuu zinakuja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unaonya kuwa hadi 2030 chini ya mtu mmoja kati ya kumi wanaozihitaji ndiye atakayekuwa akizipata, lakini kushuka kwa bei kumeanza na hakutarudi nyuma.

Hatari iko katika kipindi hiki cha katikati, hamu ikiwa imefika na dawa halali ya bei nafuu haijafika. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa bandia zimepenya kwenye nchi zenye ukaguzi mkali kama hizo, duka la dawa lisilo na leseni katika kichochoro cha Laini Saba, Kibera, au muuzaji wa WhatsApp anayeleta mzigo kwa bodaboda, hana kizuizi chochote. Bandia inaweza kuwa na insulini ndani yake, nayo humwangusha mtu asiye na kisukari kwa saa chache. Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kuwafungia wauzaji hao. Msako peke yake hautoshi, kwa sababu anayefukuzwa kwa muuzaji haramu bila kuonyeshwa mlango halali atatafuta muuzaji mwingine.

Mlango huo uko wapi

Septemba 2023 serikali iliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, na kila mmoja akapewa mkoba wenye mizani, mashine ya presha, mashine ya kupima sukari na simu. Vifaa hivyo ndivyo hasa daktari wa upande wa pili wa simu anavyovikosa. Mhamasishaji wa Lindi huko Kibera au Gatina huko Kawangware anazijua nyumba zake, na katika ziara moja anaweza kupima na kumpigia daktari akiwa mlangoni. Kinachokosekana ni waya wa kuwaunganisha: vipimo vyake viingie kwenye kumbukumbu ambayo afisa wa kliniki na daktari wanaisoma, na posho yake ilipwe kwa wakati.

Tena mitaa hii ina uzoefu wa magonjwa ya muda mrefu. Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia presha na kisukari Kibera kwa miaka, wakauonyesha mji kwamba wauguzi na maafisa wa kliniki wanaweza kuwafuatilia wagonjwa hao vizuri ndani ya mtaa wa mabanda, kisha mwaka 2017 wakaikabidhi Kaunti ya Nairobi kliniki ya Kibera South. Tiba ya uzito inapaswa kuingia kwa mlango huo huo, kama tawi la kliniki ya presha na kisukari.

Kuna pingamizi la haki hapa. Katika vituo ambavyo hata amlodipine ya presha na metformin ya kisukari hukosekana siku nyingine, kwa nini tuzungumzie sindano za kupunguza uzito? Nalikubali pingamizi hilo kama mpangilio wa kazi. Dawa za presha na metformin, ambazo ni rahisi na zimethibitishwa, zije kwanza, na mfumo wa simu na mhamasishaji uanze kwa hizo. Mfumo unaoweza kumfuatilia mgonjwa wa presha kwa mwaka mzima bila kumpoteza utaweza kumfuatilia wa semaglutide. Ule usioweza la kwanza usipewe la pili. Na sindano zitakapofika kwa bei ya umma, zianze na mwenye kisukari na hatari ya moyo, ambaye faida yake imethibitishwa zaidi, kabla ya anayetaka kupungua kwa ajili ya harusi.

Pingamizi la pili husema dawa inawapa viongozi kisingizio cha kuacha kurekebisha chakula na mazingira. Hatari hiyo ni ya kweli, kwani sindano ya mama haimwongezei mtoto wake maziwa wala maharagwe. Ndiyo maana ushauri wa chakula katika kliniki hiyo lazima utolewe na mtu anayejua bei ya omena na sukuma wiki sokoni Toi na Kawangware wiki hiyo, na kipimo cha ukuaji wa mtoto kiwe kwenye kadi moja na uzito wa mama. Kaya moja, kadi moja.

Kwa hiyo yanayotakiwa ni machache na yanajulikana. Kaunti ichague vituo viwili, kimoja Kibera na kimoja Kawangware, ivipe friji ya uhakika, afisa wa kliniki aliyefunzwa na daktari wa kupigiwa. Bodi ya Famasia na Sumu iweke kanuni ya vipimo vya ana kwa ana kabla ya agizo lolote la mtandaoni, na ichapishe orodha ya wauzaji halali kwa Kiswahili. Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayokata asilimia 2.75 ya mapato ya Mkenya na angalau shilingi 300 kwa mwezi kwa asiye na mshahara, ianze sasa kujadiliana bei na watengenezaji wa India kwa niaba ya wachangiaji wote. Haya yakifanyika, dawa ya bei nafuu itakapoteremshwa Mombasa itamkuta mama wa Kibera akiwa tayari na kadi, kipimo cha presha na namba ya daktari anayemjua. Yasipofanyika, atanunua sindano kwa anayeuza, na atakapougua hatakuwa na wa kumpigia.